Kabla ya kutoa kiti cha magurudumu, wafundisheni saa ya choo

TSHANGALELE, Likasi – Kila mwaka tarehe 3 Desemba dunia inaadhimisha siku ya watu wanaoishi na ulemavu. Hotuba zinasomwa, ngoma zinapigwa, na mara nyingine viti vya magurudumu vinagawiwa mbele ya kamera. Ni jambo jema. Mtu ambaye miguu yake imekufa anajua thamani ya magurudumu. Lakini si ajabu, miezi michache baadaye, kukuta kiti kile kimeegemezwa ukutani, nguo za watoto zimeanikwa juu yake, na mwenye kiti yuko ndani amelala juu ya mkeka. Ukimuuliza atasema jua ni kali, au mgongo unamuuma. Mara nyingi ukweli ni mwingine na hausemwi: anaogopa haja kubwa itamtoka mbele ya watu.

Wakaaji wa Likasi, wa Kapolowe na wa kambi za wavuvi kandokando ya ziwa Tshangalele wamezoea kusikia redio ikizungumza wazi juu ya kipindupindu, malaria, hata ukimwi. Juu ya haja kubwa ya mtu aliyeumia uti wa mgongo, kimya. Kimya hicho kinafungia watu ndani ya nyumba kuliko miguu yenyewe, na wengine kinawaua polepole. Ndiyo maana inafaa kusema wazi: mtu aliyeumia mgongo asirudishwe nyumbani kabla yeye na yule anayemtunza hawajafundishwa namna ya kutoa haja kubwa kwa saa yake. Somo hilo litangulie kiti.

Waya umekatika, mashine bado inazunguka

Njia za kuvunjika mgongo ni nyingi huku. Krezeri anaangukiwa na udongo ndani ya shimo. Kijana anateleza kutoka juu ya mwembe. Lori lililobeba watu juu ya magunia linapinduka kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Likasi na Lubumbashi. Mwingine alipigwa risasi kule alikokimbia. Mwingine hakuanguka wala hakupigwa: ni kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya mgongo, ugonjwa unaotibika kama ukiwahiwa. Uchunguzi uliofanywa Moshi, kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kwamba kuanguka kutoka juu kunavunja migongo mingi kuliko hata ajali za barabarani. Dunia nzima, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha la uti wa mgongo.

Wengi wanafikiri jeraha hilo ni la miguu tu. Lakini uti wa mgongo ni kama nyaya za umeme zinazotoka bwawa la Mwadingusha kwenda mjini. Waya ukikatika njiani, kila nyumba iliyo mbele inakosa moto. Miongoni mwa nyumba hizo ni kibofu cha mkojo na mlango wa haja kubwa. Utumbo wenyewe una mashine yake ndogo, kwa hiyo unaendelea kusukuma, ingawa kwa uvivu. Kilichokosekana ni habari: mtu hasikii tena kwamba haja imefika, na hawezi kubana wala kusukuma kwa kutaka kwake.

Shida hiyo ina sura mbili, na familia inapaswa kujua iko na ipi. Jeraha likiwa juu, shingoni au kifuani, mlango unabana. Haja inakaa ndani siku nyingi, inakauka, halafu siku moja inatoka ghafla bila taarifa. Jeraha likiwa chini kabisa, kiunoni, mlango unalegea na haja inavuja kidogo kidogo. Katika wiki za kwanza baada ya ajali kila kitu kinaweza kulala, hata kwa yule wa jeraha la juu, kwa hiyo ni mganga au muuguzi anayepaswa kupima na kuiambia familia ukweli. Swali la kuuliza kabla ya kutoka hospitalini ni hili: mlango wake unabana au umelegea? Bila jibu hilo, matunzo yote ni kubahatisha.

Haja kubwa inaweza kuzoeshwa saa

Habari njema, ambayo familia nyingi hazijawahi kuambiwa, ni kwamba utumbo unazoea. Ukipewa saa yake kila siku, baada ya wiki kadhaa unaanza kuishika, na mtu anaweza kupita siku nzima sokoni, kanisani au shuleni bila hofu. Inahitaji mtu mvumilivu zaidi kuliko dawa ya bei kali.

Mara ya kwanza ifanyike mbele ya muuguzi au yule mtaalamu wa viungo anayeitwa kine. Lakini msingi wake ni rahisi kuueleza.

Saa iwe moja, isibadilike. Anayebanwa anaweza kufanya kila siku au kila baada ya siku moja. Aliyelegea anahitaji kila siku, pengine mara mbili.

Kitangulie chakula au kinywaji cha moto, kama chai au uji. Tumbo likipokea kitu, utumbo wote unaamka. Dakika 15 hadi 30 baada ya hapo ndiyo nafasi yenyewe.

Mtu akae kama anaweza, maana akikaa haja inashuka. Asiyeweza kukaa alale kwa ubavu wa kushoto. Kisha tumbo lisuguliwe polepole kwa kiganja: kuanzia chini upande wa kulia, kupanda, kuvuka juu, kushuka upande wa kushoto, kama mshale wa saa unavyozunguka.

Halafu inakuja sehemu ambayo watu wanaionea haya. Mikono ioshwe, kucha zikatwe, ganti ivaliwe, mafuta laini yasiyowasha yapakwe. Kidole kimoja kiingizwe kwa upole na kuzungushwa taratibu sekunde 15 hadi 20, kisha kitolewe. Subiri dakika 5 hadi 10, rudia, mpaka haja iishe. Kwa anayebanwa, kuzungusha huko kunafungua mlango. Kwa aliyelegea hakusaidii sana; kwake kidole kinatumika kuitoa haja yenyewe, bila nguvu. Mganga anaweza kuongeza dawa ya kuwekwa nyuma, lakini asipewe mtu dawa hiyo kwa kubahatisha.

Mwisho ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, na makalio yatazamwe. Haja inayokaa juu ya ngozi inaifungua, na kidonda kinachoanza kama doa jekundu kinaweza kufika mfupani. Vidonda hivyo ni kati ya vinavyoua watu waliovunjika mgongo.

Kila kitu kiandikwe katika kaye: saa, alichokula, ilivyokuwa, ilichukua dakika ngapi. Kama lazima kubadilisha, badilisha kitu kimoja, ungoje wiki moja au mbili uone. Familia inayobadilisha dawa, chakula na saa kwa siku moja haitajua kilichosaidia.

Makosa yanayofanywa kwa mapendo

Kosa la kwanza ni njaa. Wagonjwa wengi wanapunguza kula ili wasijichafue, na familia inakubali. Bukari kidogo, maji kidogo, ili siku ipite bila aibu. Matokeo yake haja inakauka na kuziba zaidi, mwili unakonda, na mifupa inatoboa ngozi. Mtu huyu anahitaji kula na kunywa. Lengalenga, matembele, sombe, maharage, papai na embe vinapatikana bila kwenda mbali. Viongezwe polepole, na maji yafuate.

Kosa la pili ni ule mpira mdogo wa kusafishia tumbo, unaoitwa puari. Katika nyumba nyingi ndiyo dawa ya kwanza ya tumbo lililofunga, na wengine wanatia mizizi, hata pilipili. Mtu asiyesikia maumivu hawezi kusema maji ni ya moto. Ataungua ndani na hakuna atakayejua mpaka damu ionekane. Pilipili na mizizi visitumike kwake kabisa.

Kosa la tatu linahitaji macho makali, hasa katika eneo ambalo kipindupindu kinajulikana. Haja ikiziba siku nyingi, maji maji yanapita pembeni na kuvuja. Familia inasema anaharisha, inakimbilia vidonge vya kufunga tumbo, na kuziba kunazidi. Angalieni: kama hajapata choo siku kadhaa, tumbo ni gumu, na kinachotoka ni kidogo kidogo, huenda ni kuziba. Kama kinachotoka ni maji mengi, ghafla, meupe kama maji ya mchele, hiyo inaweza kuwa kipindupindu: apewe maji ya chumvi na sukari na apelekwe kituo cha afya saa ileile. Ukiwa na mashaka, nenda kituoni.

Kuna hatari nyingine inayowahusu wenye jeraha la shingo au la juu ya kifua. Haja au mkojo ukijaa sana, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla: kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu au moto, jasho linatoka juu ya jeraha. Akalishwe wima mara moja, nguo na mikanda ilegezwe, mpira wa mkojo utazamwe kama umejikunja au umeziba. Kama ilitokea wakati wa kutumia kidole, acheni. Isipopungua upesi, ni safari ya hospitali hata kama ni usiku, maana inaweza kupasua mshipa wa kichwa. Apelekwe pia anayetapika huku tumbo limevimba na gumu, au anayetoka damu.

Nani anaingiza mkono

Kazi hii ina mtu anayeifanya, na mara nyingi ni mwanamke. Ni mke, mama, dada, au binti aliyetolewa shule ili amtunze baba. Mila nayo inaingia: mkwe hawezi kumshika mkwe wake, na baba anaona aibu mbele ya binti yake. Heshima hiyo isidharauliwe. Ndiyo sababu mafundisho hospitalini ni ya lazima. Mtu aliyeumia kifuani au kiunoni ana mikono mizima, na wengi wao wanaweza kujifunza kujihudumia wenyewe wakipata kiti kinachofaa. Aliyeumia shingo atahitaji mwingine, basi wafundishwe wawili, ili mmoja asifungwe maisha yake yote. Kumwachia kazi hiyo mtoto wa miaka kumi na mbili, kwa sababu hospitali haikupata nusu saa ya kuelekeza, ni kuongeza kilema cha pili ndani ya nyumba.

Kiti chenyewe si jambo la kuagiza Ulaya. Seremala anaweza kukata tundu katikati ya kiti cha mbao, akaweka egemeo na mahali pa kushika, ndoo ikakaa chini. Sehemu ya kukalia ifunikwe kwa godoro laini na plastiki, kwa sababu ubao mtupu unatoboa ngozi isiyosikia. Asikae hapo kwa masaa. Kazi nzima ilenge kwisha ndani ya saa moja.

Kwa familia zilizokimbia

Yote haya yanakuwa magumu mara mbili kwa wahami. Familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono, katika miaka ile ya eneo lililoitwa pembetatu ya kifo, zinajua maana ya kulala watu wanane chini ya turubali moja. Mtu anayehitaji dakika 40 za faragha kila asubuhi atazipata wapi? Choo cha kambi ni tundu la kuchuchumaa, mlango mwembamba, kiko mbali, na mvua ikinyesha njia inakuwa matope.

Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya msaada yanasema yanazifuata, zinataka choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na vyoo vifikiwe na kila mtu, pamoja na walemavu. Basi viongozi wa wahami wana haki ya kuuliza, kwa heshima lakini bila woga: katika orodha yenu, mmeandika watu waliovunjika mgongo? Choo chenye kiti na mlango mpana kiko wapi? Katika ule mfuko wa sabuni na ndoo, kuna ganti? Hata pazia la kitenge na kiti chenye tundu nyuma ya turubali ni mwanzo. Majirani wakijua kwamba saa fulani ni ya baba fulani, wawaondoe watoto, bila kucheka na bila kuuliza.

Kilichookoa watu kilikuwa utaratibu

Atakayesema haya ni mambo ya nchi tajiri akumbuke historia. Wakati wa vita kuu ya kwanza ya dunia, askari wengi waliovunjika mgongo walikufa, hata huko Ulaya, kwa vidonda na kwa maambukizo ya mkojo. Mwaka 1944 mganga Ludwig Guttmann, mkimbizi aliyetoroka Ujerumani ya Wanazi, alifungua idara ya majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Alichodai kwa ukali ni utaratibu: mgonjwa kugeuzwa kila masaa mawili, usiku na mchana, mkojo na haja kubwa kushughulikiwa kwa kanuni, na kila mtu kupewa kazi na mchezo. Watu walioandikwa kuwa maiti wakaanza kuishi. Mwaka 1948 wagonjwa wake walishindana kupiga mishale wakiwa kwenye viti vyao, na kutoka hapo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki. Magurudumu yalikuja baada ya ngozi, mkojo na choo kuwekwa sawa.

Nani alipe

Wengine watasema: kuna njaa, kuna vita, waalimu hawajalipwa, nanyi mnadai ganti? Jibu ni kwamba kutofundisha kunagharimu zaidi. Kidonda kimoja cha makalio kinakula miezi ya vitanda, dawa na machozi. Ganti, sabuni, mafuta na nusu saa ya muuguzi ni vitu vidogo mbele yake.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tarehe 3 Mei 2022 nchi ilipata sheria yake juu ya ulinzi na haki za watu wanaoishi na ulemavu. Pesa pia si hadithi: kanuni ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa mamlaka za mtaa ambako mgodi uko, na kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Likasi na Kapolowe zinaona malori ya madini yakipita mchana na usiku. Baadhi ya migongo iliyovunjika ilivunjika ndani ya mashimo hayo. Mkutano wa kupanga matumizi ya pesa hizo ukiitishwa, wenye ulemavu wawe ndani ya chumba, na neno ganti liandikwe katika ripoti bila aibu.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Hospitali iweke sharti: mtunzaji asitie saini ya kutoka kabla hajafanya kazi hiyo mwenyewe mbele ya muuguzi. Vituo vya afya viwafundishe wahamasishaji wa jamii, wale wa RECO, ili wapite kwa nyumba na kuuliza swali lile ambalo hakuna anayeuliza. Na wachungaji, mapadri na machifu waliseme jambo hili kwa sauti, kwa sababu aibu iliyojengwa na jamii inabomolewa na jamii.

Yule aliye juu ya mkeka, kiti chake kikiwa kimeanikwa nguo, anahitaji kuulizwa na muuguzi mmoja anayepita: ndugu, choo chako kinakuwaje, na saa ngapi? Swali hilo likijibiwa na kufanyiwa kazi kila asubuhi, nguo zitatolewa juu ya kiti zenyewe.